Nimekwama kwenye sigara sita: je, niendelee na vepu?

SWALI: Daktari, salamu. Nina miaka 43, ni dereva wa lori kati ya Mombasa na Kampala, na nimevuta sigara tangu nikiwa utingo wa miaka 19. Kwa siku nilikuwa navuta kati ya 15 na pakiti nzima, na ya kwanza naiwasha kabla hata sijanawa uso. Nimejaribu kuacha mara nne. Mara ya mwisho ilikuwa Ramadhani, lakini baada ya futari nilikuwa nikizifidia zote za mchana. Miezi miwili iliyopita shemeji yangu aliyeko Dubai aliniletea vepu pamoja na chupa za maji yake. Nilimwomba ile yenye nikotini ya miligramu 3 tu, kwa kuwa naogopa nikotini nyingi, hasa kwa vile nameza dawa za presha. Nimeshuka hadi sigara sita kwa siku, lakini hapo nimekwama, na kwa wiki tatu sasa nakohoa. Wenzangu barabarani wananiambia kwamba vepu inajaza maji kwenye mapafu, na afadhali sigara ambayo madhara yake yanajulikana. Mwingine ananiambia kule Uingereza madaktari wenyewe ndio wanaowapa watu vepu. Nishike lipi? Niendelee, nirudi kwenye sigara, au niache vyote kwa mpigo? Nyumbani nina mtoto wa miaka mitatu na sipendi anione na chochote mdomoni.

JIBU: Ndugu yangu, mtu aliyevuta kwa miaka 24 na ambaye huwasha sigara kabla ya kunawa uso ana uraibu mzito, kwa hiyo kushuka hadi sita kwa nguvu zako mwenyewe, ukiwa na kifaa ambacho hukuelekezwa namna ya kukitumia, ni kazi kubwa uliyoifanya. Nitakueleza kwa nini nadhani umekwama hapo, na sababu yake haitakuwa ile unayoitarajia. Lakini kabla ya vepu na sigara, naomba tuanze na hicho kikohozi.

Mtu yeyote anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, awe mvutaji au asiwe, anapaswa kupimwa kifua kikuu. Wewe umefikisha tatu. Moshi wa sigara huongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu karibu mara mbili, na kazi yako ya kukaa kwenye kabini iliyofungwa vioo pamoja na wenzako na kulala leo mji huu kesho mji ule haikupunguzii hatari hiyo. Wavutaji wana tabia ya kusema “hiki ni kikohozi changu cha sigara”, na kwa kauli hiyo wengi hufika kliniki wakiwa wamechelewa kwa miezi. Kipimo cha makohozi hutolewa bila malipo katika hospitali na vituo vya afya vya serikali. Toa makohozi ya asubuhi, yale yanayotoka kifuani baada ya kuvuta pumzi kwa kina na kukohoa kwa nguvu. Mate ya mdomoni hayasaidii kitu.

Kifua kikuu sicho kisababishi pekee. Mvuke wa vepu umetengenezwa kwa gliserini na propilini glaikoli, na hii ya pili hukausha koo na kuliwasha, hasa katika wiki za mwanzo. Wapo pia watu wanaokohoa zaidi kwa muda pale wanapopunguza sigara. Halafu kuna jambo ambalo huenda hakuna aliyekutajia: angalia jina la dawa yako ya presha. Kama linaishia na “pril”, yaani enalapril, captopril, lisinopril na ndugu zake, dawa hizo kwa baadhi ya watu huleta kikohozi kikavu cha kukereketa ambacho hakisikii dawa yoyote ya kifua mpaka zibadilishwe. Usiiache mwenyewe, maana presha isiyotibiwa ni hatari zaidi kuliko kikohozi. Nenda nayo kwa daktari mkononi, mwonyeshe, naye atakupa ya kundi jingine ikibidi.

Sasa nije kwenye nikotini, kwa sababu hofu yako juu yake ndiyo, kwa maoni yangu, iliyokukwamisha. Nikotini ndiyo inayokufunga kwenye sigara. Ukivuta pafu moja, hufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde 10 hadi 20, ikagusa vipokezi vyake, na ubongo ukatoa dopamini, ile kemikali inayouambia mwili kwamba jambo hili ni zuri, lirudie. Kwa mvutaji wa miaka mingi vipokezi hivyo huwa vimeongezeka idadi, na vyote hudai. Kiwango cha nikotini kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo mtu anayelala kwa muda wa saa saba huamka akiwa karibu mtupu. Ndiyo maana ile ya kwanza unaiwasha kabla ya maji ya uso. Ile hali ya kukasirika ovyo, kukosa utulivu, kutoa jasho na kushindwa kufikiri jambo lolote ila sigara, ambayo vijana wanaiita arosto, ni vipokezi hivyo vikigomba.

Lakini si nikotini inayoleta saratani ya mapafu. Kinachoua ni moshi. Tumbaku inapoungua hutoa kemikali zaidi ya 7,000, ambazo takriban 70 zinajulikana kusababisha saratani. Hutoa lami inayoganda kwenye njia za hewa. Na hutoa kaboni monoksaidi, gesi ileile inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, ambayo huikalia damu mahali pa oksijeni na kuulazimisha moyo kufanya kazi ya ziada. Michael Russell, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, aliandika mwaka 1976 kwamba watu huvuta kwa ajili ya nikotini lakini hufa kwa sababu ya lami. Miaka hamsini baadaye bado sijapata namna fupi zaidi ya kulieleza jambo hili.

Vepu haiunguzi kitu. Betri hupasha moto koili ndogo, koili huyageuza maji yenye nikotini kuwa mvuke, nawe unauvuta. Hakuna lami na hakuna kaboni monoksaidi. Zipo kemikali nyingine, baadhi zikiwa za madhara, ila kwa jumla ziko kwa viwango vya chini sana kuliko kwenye moshi. Hiyo haimaanishi kwamba mvuke ni hewa safi ya baharini. Aina hii ya vepu ilibuniwa na mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mwaka 2003, na mtu aliyeanza kuivuta wakati huo hajatimiza hata miaka 30 ya matumizi. Kwa hiyo hakuna daktari mwaminifu atakayekuapia itakufanya nini baada ya miaka 40. Kijana asiyevuta sigara akiniuliza kama aijaribu, jibu langu ni hapana, bila kujadiliana. Wewe si huyo kijana. Wewe unaulinganisha mvuke na sigara sita zinazowaka kila siku, na ulinganisho huo ndio ninaoujibu hapa.

Kuhusu maji kwenye mapafu, wenzako hawakuizua hadithi hiyo, ila wamekata kipande chake muhimu. Mwaka 2019 nchini Marekani watu walianza kufikishwa hospitalini wakihema kwa shida, mapafu yao yakiwa yamejaa uvimbe na majimaji. Hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa zaidi ya 2,800 waliolazwa au kufa, na waliokufa walikuwa 68. Uchunguzi ulielekea kwenye mafuta ya bangi yaliyouzwa kimagendo kwa ajili ya kuvutwa kwenye vepu, ambayo wauzaji waliyachanganya na mafuta ya vitamini E ili yaonekane mazito na ya thamani. Mafuta yakiingia kwenye mapafu huleta maafa. Maji ya kawaida ya nikotini hayakuwa chanzo kikuu cha janga lile. Fundisho lake kwako ni la dukani zaidi kuliko la hospitali: usinunue chupa isiyo na lebo inayoeleweka, usikubali kujaziwa na mtu usiyejua amechanganya nini, na usitie ndani ya kifaa hicho kitu chochote ambacho hakikutengenezwa kwa ajili yake. Utasikia pia habari ya ugonjwa wa mapafu wa wafanyakazi wa viwanda vya bisi kule Marekani. Huo ulitokana na diasetili, kiungo cha kuleta ladha ya siagi, ambacho Uingereza imekipiga marufuku kwenye maji ya vepu, na ambacho, kwa taarifa ya wenzako wanaoipigania sigara, kimo kwenye moshi wa sigara kwa wingi zaidi.

Na hiyo hoja ya kwamba afadhali sigara kwa kuwa madhara yake yanajulikana, wenzako wanatumia methali ya zimwi likujualo halikuli likakwisha. Tatizo ni kwamba zimwi hili tunalijua, na linakula likakwisha. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua hadi nusu ya watumiaji wake wasioacha. Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wanaume wa Uingereza tangu mwaka 1951, na walipochapisha matokeo ya miaka 50 mwaka 2004 ilionekana kwamba waliovuta maisha yao yote walikufa mapema kwa takriban miaka 10 kuliko wasiovuta. Walioacha wakiwa na umri wa miaka 40 hivi walirudishiwa karibu 9 kati ya hiyo 10. Walioacha wakiwa na 50, karibu 6. Wewe una 43.

Ni kweli pia kwamba Uingereza hutumia vepu kuwaachisha watu sigara, na serikali yake ilitangaza mwaka 2023 mpango wa kuwagawia wavutaji milioni moja. Mojawapo ya tafiti zilizowapa ujasiri huo ilichapishwa mwaka 2019 ikiongozwa na Peter Hajek. Wavutaji 886 waliokuja kutafuta msaada wa kuacha waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa vepu, wengine plasta, chingamu na dawa nyingine zenye nikotini. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa wameacha sigara kabisa ni 18 katika kila 100 wa kundi la vepu, na 10 katika kila 100 wa kundi jingine. Isome namba hiyo kwa macho mawili. Kwa upande mmoja, vepu ilikaribia kuongeza mafanikio mara mbili. Kwa upande mwingine, zaidi ya 80 katika kila 100 hawakufaulu hata kwa vepu, na kati ya waliofaulu, wanne katika kila watano walikuwa bado wanaivuta vepu mwaka ulipokwisha. Zaidi ya hapo, watu hao walikutana na mshauri ana kwa ana kila wiki kwa angalau wiki nne, na chupa waliyoanzia ilikuwa na nikotini ya miligramu 18 kwa kila mililita. Yako ina 3.

Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, haliipendekezi vepu kama njia ya kuacha. Linahofia zaidi watoto wanaovutiwa na ladha za pipi na matunda, na lina haki ya kuhofia. Mwongozo wake wa mwaka 2024 unapendekeza plasta na chingamu za nikotini, vidonge vya varenicline na bupropion, na cytisine, pamoja na ushauri wa ana kwa ana au wa simu. Kwa hiyo wale wawili wanaobishana mbele yako kila mmoja ana nusu ya habari.

Turudi kwenye zile sigara sita. Sigara moja ina nikotini ya miligramu 10 hivi, na mvutaji huingiza mwilini moja hadi mbili. Mwili wako ulizoea kupokea mzigo wa sigara 15 hadi 20. Ukaupa maji ya miligramu 3 kwa kila mililita, ambayo yametengenezwa kwa ajili ya vifaa vikubwa vya kutoa mawingu ya mvuke au kwa ajili ya mtu anayekaribia kumaliza safari, nao ukaona umepunjwa. Deni lililobaki unalilipa kwa sigara sita, na nina hakika hizo sita unazivuta kwa nguvu zaidi na hadi karibu na kichungi kuliko ulivyokuwa ukivuta zile ishirini. Kwa kuogopa nikotini umebakiza moshi, yaani umekimbia kisichokuua ukakumbatia kinachokuua.

Pengine unajiambia kwamba sita ni nafuu kubwa kuliko ishirini. Kwa saratani ya mapafu kuna unafuu kiasi. Kwa moyo na mishipa ya damu, na wewe una presha, unafuu ni mdogo kuliko unavyodhani: uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba hata sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo inayobebwa na sigara 20. Damu haijui kuhesabu vijiti kwa uwiano. Ndiyo maana kuchanganya vepu na sigara kunavumilika kwa wiki chache kama kivuko, lakini si mahali pa kuhamia na kujenga nyumba.

Kama ungekuwa fundi wa Mombasa asiyevuka mpaka, ningekushauri hivi: pandisha nguvu ya maji hadi 18 au 20, ambayo ndiyo kikomo kinachoruhusiwa Uingereza, tumia kifaa kidogo cha mvuto wa polepole, chagua siku, kisha usiguse tena kijiti kinachowaka. Ningekuonyesha na namna ya kuvuta, kwa sababu karibu kila mgonjwa anayeniletea vepu yake anaivuta kama sigara, pafu fupi za haraka, halafu analalamika kwamba haimshibishi. Vepu huvutwa taratibu, sekunde tatu au nne, kidogokidogo kutwa nzima. Ukihisi ladha ya kuungua, koili imekwisha. Ibadilishe, maana ikikauka na kuungua hutoa kemikali chafu. Ukiona kizunguzungu, kichefuchefu au kwikwi, umezidisha. Iweke chini, kunywa maji, na hali hiyo itapita.

Lakini wewe huvuka Malaba. Sheria ya Uganda ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 imepiga marufuku kuingiza na kuuza sigara za kielektroniki, na sitakushauri uweke kwenye kabini kitu kitakachokuletea kesi ya forodha juu ya mizigo ya watu. Njia ya kuacha sigara ambayo inakatika kila unapovuka mpaka itakurudisha kwenye kibanda cha sigara upande wa pili, na hapo ndipo ninapoamini juhudi zako mbili au tatu zilizopita zilipoishia.

Kwa hiyo uti wa mgongo wa mpango wako ungekuwa plasta. Kwa mvutaji wa zaidi ya sigara 10 kwa siku, kawaida huanzia ile ya miligramu 21, bandiko moja kila asubuhi juu ya ngozi kavu isiyo na nywele nyingi, bega la kulia leo, la kushoto kesho. Huendelea hivyo kwa wiki sita, kisha wiki mbili za miligramu 14, kisha mbili za miligramu 7. Wewe kwa sasa umeshuka hadi sita pamoja na vepu, kwa hiyo mfamasia au daktari akupangie pa kuanzia kulingana na hali yako ya siku hiyo. Plasta hutoa nikotini polepole na hushusha ile kelele ya nyuma, ila haizimi hamu inayokushika ghafla ukiona lori la mbele limezima injini kwenye foleni. Hiyo ndiyo kazi ya chingamu. Kwa mtu anayewasha sigara ndani ya nusu saa baada ya kuamka, ni ya miligramu 4. Usiitafune kama chingamu ya dukani. Itafune taratibu mpaka usikie ladha kali kama ya pilipili manga, kisha ibane kati ya fizi na shavu mpaka ladha ipungue, uitafune tena, kwa nusu saa hivi. Nikotini hupenya kwenye ngozi ya ndani ya mdomo. Ukiimeza na mate utaambulia kiungulia. Na usiitumie huku unakunywa kahawa au soda, kwa kuwa uchachu huzuia nikotini kupenya. Kutumia plasta na chingamu pamoja kunashinda kutumia kimoja peke yake.

Plasta si rahisi kuipata, na bei yake inauma. Ulizia kwenye maduka makubwa ya dawa mjini Mombasa kabla ya safari, na piga hesabu pamoja na fedha za pakiti ya kila siku. Ukikosa plasta kabisa, chingamu ya safarini na vepu yenye nguvu ya kutosha ukiwa Mombasa ni mpango ninaoweza kuutetea. Varenicline hufanya kazi vizuri, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2021, lakini inahitaji cheti cha daktari. Kuacha kwa mpigo bila msaada wowote kunawezekana, na wapo waliofanya hivyo. Kwa mtu wa uraibu wako, aliyejaribu mara nne, nisingeweka matumaini yote hapo.

Ulitaja Ramadhani kama kushindwa. Mimi naiona tofauti. Mchana kutwa, saa 13 hivi, ulikaa bila sigara, na bila shaka mchana wa saa nane haukuwa mgumu kama nusu saa ya mwisho kabla ya adhana ya magharibi. Watafiti waliowachunguza wahudumu wa ndege wavutaji kule Israeli waliona jambo hilohilo: hamu ilipanda ndege ilipokaribia kutua, iwe safari ilikuwa ya saa nne au ya saa kumi. Hamu husikiliza ruhusa kuliko saa. Kwa hiyo sigara iliyo mfukoni kwa ajili ya dharura ndiyo itakayotengeneza dharura yenyewe. Siku utakayoichagua, kabini isiwe na pakiti, kiberiti wala kisahani cha majivu, na mwambie utingo wako mapema, maana naye akivuta kando yako utakuwa unatwanga maji kwenye kinu.

Na miraa. Hukuiandika, lakini nimewatibu madereva wa kutosha wa barabara hiyo kiasi cha kukuuliza. Wengi huniambia kwamba bila gomba sigara hawazikumbuki usiku, na wakishaanza kutafuna huziunganisha moja baada ya nyingine. Kama nawe ni hivyo, pumzika na miraa walau wiki nne za mwanzo. Presha yako nayo itashukuru. Hata chai ya rangi kali na kahawa uzipunguze kwa karibu nusu. Moshi wa sigara huharakisha ini kuondoa kafeini mwilini, kwa hiyo ukiacha, kikombe kilekile huanza kufanya kazi ya viwili, nawe utaona mikono inatetemeka na usingizi umeruka, ukadhani ni arosto.

Siku mbili tatu za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote. Baada ya wiki mbili hadi nne sehemu kubwa ya dhiki huwa imepita, ingawa hamu ya ghafla inaweza kukutembelea miezi mingi baadaye. Utakula zaidi, huenda choo kikawa kigumu, vidonda vidogo vya mdomo hutokea, na wengi huongezeka kilo nne au tano katika mwaka. Pima presha mara moja kwa wiki katika mwezi wa kwanza na uandike namba hizo. Nikotini hupandisha presha na mapigo ya moyo kwa muda mfupi, lakini moshi hufanya hivyo na kuongeza kaboni monoksaidi juu yake. Kwa wasomaji wengine wanaotumia theophylline ya pumu, dawa za akili za clozapine au olanzapine, au insulini: mwambieni daktari kabla ya kuacha sigara, kwa kuwa dozi huenda ikahitaji kupunguzwa.

Kuhusu mtoto wako, asipokuona ukivuta ni vizuri, lakini hofu yangu kubwa zaidi ni ile chupa. Maji ya vepu yana harufu ya embe na rangi ya juisi, na kiasi kidogo tu kinaweza kumwekea sumu mtoto wa miaka mitatu. Chupa na kifaa vifungiwe juu, ndani ya kabati lenye kufuli. Plasta iliyotumika ikunjwe katikati na kutupwa mahali asipofika, maana bado ina nikotini. Akimeza, mkimbize hospitali papo hapo ukiwa na chupa mkononi, usimtapishe. Yakimmwagikia ngozini, mwoshe kwa maji mengi. Usivute mvuke ndani ya nyumba wala kwenye kabini, na usiiache betri kwenye dashibodi lori likiwa juani, wala kuichaji huku umelala.

Ukishakaa miezi miwili au mitatu bila sigara hata moja, ndipo uanze kuishusha vepu, kama uliitumia: kutoka 20 hadi 12, kisha 6, kisha hiyo 3 uliyo nayo sasa, ambayo wakati huo ndipo itakuwa na kazi. Ukiona kila ukishusha unaitamani sigara, panda tena ngazi moja na usubiri. Haraka hapa haina baraka.

Usisubiri ratiba yoyote kati ya hizi kama unakohoa damu, unatoa jasho jingi usiku, unakonda bila sababu au unapungukiwa na pumzi kwa kupanda kwenye kabini tu. Maumivu ya kifua yanayobana na kusambaa mkononi au tayani, au upande mmoja wa mwili kulegea ghafla, ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, hata kama lori limebaki barabarani. Na ukiacha ukajikuta umezama kwenye huzuni isiyoisha, nenda ukaonane na daktari pia; hilo hutokea, na linatibika.

Anza na makohozi wiki hii, kabla hujapakia mzigo mwingine. Kisha chagua siku ya kuacha iwe siku ya pili baada ya kurudi kutoka Kampala, ukiwa umepumzika na una siku kadhaa za kukaa nyumbani. Ikitokea umevuta moja kwenye foleni ya Malaba, pakiti iliyobaki itupe palepale, plasta ya kesho asubuhi ibandike kama kawaida, na uniandikie tena ukiwa na majibu ya maabara na jina la hiyo dawa ya presha.